Kihisi cha kubandika kifundoni: kinapima nini hasa ligamenti inapodhaniwa imekatika?

Swali la msomaji: "Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nahudumia timu mbili za mpira wa miguu na moja ya netiboli. Kila msimu nawapata wachezaji walioteguka kifundo cha mguu kwa upande wa nje, na MRI iko mbali na ni ghali. Nimeona mtandaoni vihisi vya kubandika kwenye ngozi vinavyotuma namba kwenye simu. Muuzaji anasema vinaonyesha kama ligamenti imevutika tu au imekatika kabisa. Ni kweli? Nikinunua, au hata nikitengeneza mwenyewe, nitumie vipi ili nisimdanganye mchezaji?"

Ndugu, muuzaji anaahidi zaidi ya kile anachouza. Kihisi cha kubandika hakioni ligamenti. Kinachopima ni umbali ambao ngozi iliyo juu ya mfupa mmoja imesogea kutoka kwa ngozi iliyo juu ya mfupa mwingine, na wewe ndiye unayehitimisha kutokana na msogeo huo kwamba kilichokuwa kikiishika mifupa hiyo kimelegea. Kati ya namba na hitimisho kuna gundi, ngozi, uvimbe, misuli iliyokaza kwa maumivu na mkono unaovuta. Vyote hivyo vikidhibitiwa, kihisi ni chombo kizuri, maana kinalipatia namba jaribio la kuvuta kifundo kwa mikono, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likiandikwa "limelegea kidogo" au "limelegea sana". Visipodhibitiwa, namba yenye desimali mbili itakupa uhakika usio na msingi, na hilo ni baya kuliko kutokuwa na namba.

Kabla ya kubandika chochote, ondoa uwezekano wa mfupa kuvunjika. Kanuni za Ottawa, zilizochapishwa mwaka 1992 na timu ya Ian Stiell nchini Kanada, bado ndizo njia ya haraka na salama. Bonyeza ukingo wa nyuma wa nundu ya nje ya kifundo, kuanzia ncha yake kupanda sentimita 6, kisha fanya vivyo hivyo kwenye nundu ya ndani. Bonyeza pia kitako cha mfupa wa wayo unaoelekea kidole kidogo, na mfupa wa navikula upande wa ndani katikati ya wayo. Maumivu ya mfupa katika sehemu yoyote kati ya hizo, au kushindwa kutembea hatua nne mara tu baada ya kuumia na tena unapomchunguza, maana yake aende akapigwe picha ya eksirei. Mchezaji mwenye ganzi miguuni kwa sababu ya kisukari, au aliyelewa, asihukumiwe kwa kanuni hizi. Bonyeza pia kigimbi akiwa amelala kifudifudi: wayo usipojongea, tatizo lake ni kano ya Achilles na hapo kihisi hakihusiki kabisa.

Jambo la pili ni siku ya kupima. Saa 48 za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote. Damu na maji vimejaa, ngozi imetutumka, na mchezaji anakaza misuli bila kujua kila unapomgusa kisigino. Ukipima siku hiyo, kifundo chenye ligamenti iliyokatika kabisa kinaweza kuonyesha msogeo mdogo kuliko kile kizima. Subiri hadi siku ya nne au ya tano. Utafiti wa van Dijk na wenzake wa Amsterdam, uliochapishwa mwaka 1996, ulionyesha kwamba uchunguzi wa mikono uliocheleweshwa hivyo uligundua asilimia 96 ya ligamenti zilizokatika, na kuwatambua kwa usahihi asilimia 84 ya wale ambao hazikukatika. Walichotegemea ni uvimbe, michubuko ya damu chini ya ngozi, maumivu ukibonyeza mahali ligamenti ya mbele ilipo, na jaribio la droo, yaani kuvuta kisigino mbele huku muundi umeshikwa. Weka namba hizo mbili akilini kila muuzaji anapokuonyesha kifaa chake, kwa sababu kifaa chochote lazima kishinde mikono yako ya siku ya tano, ambayo haina bei.

Tena jiulize kwanza kama jibu litabadilisha matibabu. Kwa mteguko wa kwanza wa upande wa nje, hata ligamenti ikiwa imekatika kabisa, wengi huanza kwa njia ile ile: gango au bendeji ya kushikilia, kuukanyagia mguu mapema kadiri maumivu yanavyoruhusu, kisha mazoezi ya mizani na ya misuli ya pembeni mwa muundi. Kwa hiyo siku ya tano kihisi kinakuongezea kidogo tu. Thamani yake huonekana baadaye, kwa mchezaji anayeteguka mara ya tatu, kwa yule aliyefikisha wiki 12 na bado anasema mguu "unamtoka", na kwa kulinganisha kifundo kile kile cha Januari na cha Aprili. Hapo namba inashinda kumbukumbu ya vidole.

Sasa tuje kwenye maumbile yenyewe, maana ndiyo yanayoamua kihisi kibandikwe wapi. Upande wa nje una ligamenti tatu. Ya mbele, inayoandikwa ATFL, inatoka ukingo wa mbele wa fibula, mfupa mwembamba wa nje wa muundi, kama sentimita 1 juu ya ncha yake, inaelekea mbele na ndani hadi kwenye shingo ya talasi, mfupa ulio kati ya muundi na kisigino. Ina urefu wa milimita 20 hadi 25 hivi na unene wa milimita 2. Ya pili, CFL, inashuka kutoka karibu na ncha ya fibula hadi mfupa wa kisigino. Ya tatu iko nyuma na huumia mara chache. Katika vipimo vya maabara vilivyofanywa kwenye miili ya marehemu na kuchapishwa mwaka 1985 na Attarian na wenzake, ATFL ilikatika kwa nguvu ya wastani wa nyutoni 139, CFL nyutoni 346, ya nyuma 261, na ile pana ya upande wa ndani 714. Ndiyo maana ATFL hutangulia kuumia. Msiogope mkisikia kwamba mashine ya Telos inayotumika kwenye picha za eksirei za kuvuta kifundo husukuma kwa nyutoni 150: kwa mtu aliye hai mzigo huo unagawanywa kati ya ligamenti zote, kifuko cha kiungo na misuli.

Jaribio la droo linaipima ATFL. Unashika muundi usitikisike, unavuta kisigino mbele, na talasi inatoka mbele huku ikizunguka kidogo kuelekea ndani, kwa sababu ligamenti ya upande wa ndani bado imeishika kama bawaba. Kihisi cha kufaa hapa ni ukanda unaonyumbulika, ulioshikwa upande mmoja kwenye fibula na upande wa pili juu ya shingo ya talasi, ukifuata mstari wa ATFL. Talasi ikitoka, ukanda unarefuka. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Tiba cha Sapporo, Japani, wameshachapisha kazi ya aina hii kwa ukanda wa kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme), kwa hiyo wazo lenyewe si la mtaani.

Nasisitiza ukanda wa kapasitansi. Kanda za bei nafuu zinazopima ukinzani wa umeme, zile za mpira uliochanganywa na unga wa kaboni, zina ugonjwa wa kuchelewa: ukizivuta na kuziachia, ukinzani hauurudii ule wa mwanzo kwa sekunde kadhaa, na kuvuta kwa haraka hakutoi namba sawa na kuvuta polepole. Ukanda wa kapasitansi ni mpira laini uliobanwa kati ya tabaka zinazopitisha umeme. Ukirefuka asilimia 10, unapungua upana na unene kwa kiasi kile kile, vitu hivyo viwili vinafutana, na kapasitansi inapanda asilimia 10. Uhusiano ni mstari mnyoofu, na haujali sana kasi.

Kama utautengeneza, vipimo hivi vinafanya kazi. Tabaka tatu zinazopitisha umeme, tabaka mbili za silikoni kati yao, kila moja unene wa milimita 0.5, upana milimita 10, urefu unaofanya kazi milimita 30. Tabaka za nje mbili ziunganishe na ardhi ya saketi, na ya kati ndiyo iende kwenye kipimo. Usiache tabaka ya nje iwe ya kipimo, kwa maana mkono wako ukikaribia tu, namba itapanda hata kama kifundo hakijasogea. Kwa silikoni ya kawaida utapata kapasitansi ya karibu pikofaradi 30 ukanda ukiwa umetulia, na kila milimita unayoirefusha inaongeza kama pikofaradi 1. Kapasitansi husomwa na chipu kama FDC1004 ya Texas Instruments, inayotofautisha hadi femtofaradi 0.5, yaani sehemu moja ya elfu mbili ya pikofaradi. Hapa utaona ukweli wa jambo zima: umeme unaweza kuona nusu ya elfu moja ya milimita, wakati ngozi inakudanganya kwa milimita nzima. Usilipie umeme mkali zaidi. Lipia gundi na ustadi wa kuvuta.

Chipu hiyo ina masafa ya pikofaradi 15 juu na 15 chini ya sifuri tu. Ukiiunganisha na ukanda wa pikofaradi 30 bila kuiambia iondoe za mwanzo, itagonga dari na kukupa namba moja isiyobadilika, na wengi hudhani wameunguza chipu. Ndani yake kuna mpangilio wa kuondoa kwa hatua za pikofaradi 3.125. Weka hatua 10 na utakuwa katikati ya masafa. Hakikisha pia ukinzani wa tabaka zako, zikiwa zimevutwa, haupiti kiloomu 50, la sivyo kapasitansi haipati muda wa kujaa na namba inasoma chini. Kitambaa chenye nyuzi za fedha kinachonyumbulika ndicho rahisi zaidi kwa tabaka hizi.

Silikoni za sehemu mbili kama Ecoflex 00-30 huchanganywa kiasi sawa kwa sawa, una dakika 45 za kufanya kazi na saa 4 za kuganda. Usivae glavu za mpira wa kawaida: salfa iliyomo huzuia silikoni za aina hii kuganda na utabaki na uji unaonata. Tumia glavu za vinili. Viputo vya hewa navyo vitoe kwa kumimina polepole kutoka juu kwa uzi mwembamba. Kosa linalowaangusha wengi ni mwishoni: plasta haishiki silikoni. Kwa hiyo wakati silikoni haijaganda, zamisha kipande cha kitambaa kisichonyumbulika katika kila ncha ya ukanda, kitokeze milimita 20, na plasta ishike kitambaa hicho.

Ukishamaliza, bana ncha moja, vuta ya pili kwa kalipa (rula ya taya mbili) milimita 0, 2, 4, 6, 8 na 10, andika namba ukienda na ukirudi. Tofauti ya kwenda na kurudi isizidi milimita 0.3. Ikizidi, kitambaa kinateleza ndani ya silikoni.

Gundi sasa. Hapa ndipo vipimo vingi vinapokufa, hasa kwenye joto na unyevu wa pwani. Ngozi ya kifundo ni nyembamba, ina jasho na inatembea juu ya mfupa. Nyoa vinyweleo kwa mashine au mkasi, si kwa wembe, kwa sababu mikwaruzo midogo itawashwa na gundi. Osha kwa sabuni na maji, kausha, pangusa kwa spiriti ya asilimia 70, kisha subiri dakika moja ikauke yenyewe. Kama mchezaji amechuliwa kwa mafuta au dawa ya kuchua yenye mentholi asubuhi ile, osha mara mbili. Mafuta hayo huingia kwenye vinyweleo na kutoka tena chini ya plasta dakika ishirini baadaye, katikati ya kipimo. (Na kifundo kilichovimba siku ya kwanza kisichuliwe kwa nguvu, hata na mchuaji mwenye mkono mzuri. Kinaongezewa damu.)

Plasta ya gundi ya akriliki ndiyo inayoshika vizuri kwa kazi ya saa moja. Inahitaji kubonyezwa na kiganja chenye joto kwa nusu dakika, kisha kuachwa dakika 10 kabla ya kuvuta chochote, kwa kuwa gundi hiyo hutiririka taratibu kwenye mikunjo ya ngozi na kuongeza mshiko. Kata pembe za plasta ziwe za mviringo, maana pembe kali ndiyo inayoanza kung'oka. Ngozi yenye historia ya kuwashwa na plasta ipewe gundi ya silikoni, ingawa inashika kidogo. Palipo na malengelenge, kidonda au ngozi inayong'aa kwa uvimbe, usibandike.

Bandika ncha mbili tu. Katikati ya ukanda pawe huru, na paka unga kidogo wa talki chini yake uteleze. Mtu akigandisha ukanda wote kwenye ngozi, anapima ngozi inavyonyumbuka na si mifupa inavyoachana. Ncha ya juu iwe juu ya mfupa wa fibula wenyewe, ambako ngozi ni nyembamba, kama sentimita 1 juu ya ncha ya nundu. Ncha ya chini iwe juu ya shingo ya talasi. Ili kuipata, weka kidole mbele ya nundu ya nje, geuza wayo ndani taratibu kwa mguu usioumia, na utahisi mfupa ukijitokeza chini ya kidole. Weka alama kwa kalamu ya ngozi. Unapobandika, vuta ukanda milimita 3 kupita urefu wake wa kutulia. Ukanda uliolegea hausemi chochote mpaka ukazwe, na milimita hizo za kwanza zinazopotea ndizo ulizokuwa unazitafuta. Kifundo cha pili bandika kwa vipimo vile vile kutoka kwenye ncha ya nundu, ukitumia rula.

Kuvuta kwenyewe. Mchezaji akae ukingoni mwa kitanda kirefu, goti likunjwe digrii 90 ili kigimbi kilegee, muundi ufungwe kwa mkanda mpana kwenye egemeo lisilotikisika. Wayo uelekezwe chini digrii 10 hadi 20, na pembe hiyo ishikiliwe na kabari ya mbao au povu gumu. Hili la pembe si la kupuuza: kushusha wayo peke yake kunarefusha ukanda, mara nyingine kuliko droo yenyewe, kwa hiyo digrii tano za uzembe zinaweza kuonekana kama ligamenti iliyokatika. Pitisha mkanda laini nyuma ya kisigino, uunganishe na mzani wa ndoano, ule wa kupimia mizigo au samaki, kisha vuta kwenda mbele. Kilo 10 kwenye mzani ni kama nyutoni 98. Nguvu hiyo inatosha kuonyesha tofauti na wengi wanaivumilia siku ya tano. Akikunja uso kwa maumivu, simama. Ameshakaza misuli, na namba haina maana.

Panda hadi kilo 10 kwa sekunde tatu, shikilia sekunde mbili, achia. Fanya mara tano, tupa mbili za kwanza, chukua wastani wa tatu za mwisho. Anza na mguu mzima, ili mchezaji ajue kinachokuja. Kidole chochote kisiguse ukanda: kuubonyeza kunapunguza unene, kapasitansi inapanda, na unapata ulegevu ambao haupo. Baada ya kila mvuto angalia kama namba imerudi pale ilipoanzia. Ikibaki juu kwa zaidi ya milimita 0.5, ama plasta imeteleza ama misuli haijalegea. Bandika upya.

Namba zikishapatikana, usizichukulie kama za eksirei. Kwenye picha za kuvuta kifundo, kliniki nyingi huchukua tofauti ya milimita 3 kati ya pande mbili, au msogeo wa milimita 10 kwa upande mmoja, kama dalili ya ATFL kushindwa kazi, ingawa mipaka hiyo hutofautiana kliniki hadi kliniki. Ile ni mifupa. Yako ni ngozi juu ya mifupa, na sehemu ya msogeo inapotea njiani. Tengeneza mpaka wako mwenyewe. Chukua watu kumi wasiowahi kuteguka, wapime pande zote mbili, ung'oe, ubandike upya, upime tena siku nyingine. Pata tofauti ya kawaida ya kosa lako kwa mtu yule yule, yaani mtawanyiko wa vipimo vyake vya kurudia, kisha zidisha kwa 2.77. Kama mtawanyiko wako ni milimita 0.6, jibu ni milimita 1.7, na tofauti yoyote iliyo chini ya hapo ni kelele za mkono wako. Nadhani hii ndiyo kazi muhimu kuliko ununuzi wenyewe, na ndiyo ambayo watu huiruka. Mtawanyiko ukitoka milimita 1.5, mpaka wako ni zaidi ya milimita 4, na kifaa bado hakifai kwa mgonjwa.

Kulinganisha pande mbili kunakwama mahali pawili. Mchezaji aliyeteguka mguu wa pili mwaka juzi hana upande mzima. Na yupo yule ambaye viungo vyake vyote ni laini tangu kuzaliwa. Mpime kwa alama za Beighton: vidole vidogo vya mikono, dole gumba kufika kwenye mkono, viwiko, magoti, na viganja kufika sakafuni bila kukunja magoti, jumla alama 9. Mtu mzima mwenye 5 au zaidi, msogeo mkubwa kwake unaweza kuwa wa kawaida.

Hata ukifanya yote sawasawa, kihisi hakitakutenganishia ligamenti iliyovutika na ile iliyochanika nusu. Zote mbili bado zinashika. Kinachoweza kujitokeza ni ile iliyoachia kabisa. Simu ikikuandikia "asilimia 40 imekatika", hakuna kipimo cha msogeo kinachoweza kujua hivyo.

Kwa CFL jaribio ni la kuinamisha kisigino kuelekea ndani, na hapo unatumia vihisi vya mwendo, vile vidogo vyenye jiroskopu, yaani kipima mzunguko: kimoja kwenye uso bapa wa ndani wa mfupa wa muundi, kingine nyuma ya kisigino kwenye kikombe kigumu cha plastiki kilichofungwa kwa plasta, maana mafuta ya kisigino hucheza. Pembe unayopata inachanganya viungo viwili, kile kilicho juu ya talasi na kile cha chini yake, wakati eksirei inautenganisha mwinamo wa talasi peke yake. Kwa hiyo digrii za kihisi zitakuwa kubwa zaidi daima, na zilinganishwe na mguu wa pili tu.

Vihisi hivyo hivyo vinaweza kuvaliwa uwanjani ili kunasa tukio la kuteguka. Timu ya Daniel Fong huko Hong Kong ilichambua tukio moja lililonaswa na kamera za maabara na kupata kifundo kimegeuka ndani digrii 48, kwa kasi ya digrii 632 kwa sekunde, na wakapendekeza digrii 300 kwa sekunde kama mpaka wa kutofautisha mteguko na mienendo ya kawaida ya michezo. Sasa tazama: bodi ya MPU-6050, inayouzwa karibu kila duka la vifaa vya elektroniki, ikiwashwa bila kubadilisha chochote inapima hadi digrii 250 kwa sekunde tu. Mteguko utapita juu ya kichwa chake na utaona mstari bapa. Iweke kwenye masafa ya digrii 2,000. Lakini kujua kwamba mguu uligeuka kwa kasi si kujua kilichokatika.

Vipo pia vihisi vya kupima maji kwa umeme: elektrodi nne, mbili za nje zinapitisha mkondo mdogo chini ya miliampia 1, mara nyingi kwa kilohezi 50, na mbili za ndani zinasoma volteji. Uvimbe ukiongezeka, ukinzani unashuka kwa sababu maji ya mwilini yanapitisha umeme. Ni kweli, ila vinakuambia kuna uvimbe, na utepe wa fundi cherehani uliozungushwa kifundoni kwa umbo la namba nane unakuambia hivyo hivyo kwa sekunde ishirini. Stika ya ultrasaundi ni jambo lingine, kwa kuwa hiyo inaona tishu yenyewe. Wahandisi wa MIT chini ya Xuanhe Zhao walionyesha mwaka 2022 stika iliyokaa kwenye ngozi saa 48 ikitoa picha. Hata hivyo ile stika iliunganishwa kwa nyaya na mashine ya kawaida ya kusoma picha. Ukipata ultrasaundi ya mkono na mtu aliyefundishwa kuisoma viungo, pesa za kihisi zipeleke huko kwanza.

Kuna jeraha moja ambalo hakuna ukanda wa nje utakaokusaidia, nalo ni ligamenti zinazofunga tibia (mfupa mkubwa wa muundi) na fibula juu ya kifundo. Maumivu yake hupanda juu mbele ya muundi, huuma ukibana mifupa hiyo miwili pamoja katikati ya kigimbi, na huuma wayo ukizungushwa kwenda nje. Jaribio la droo linaweza kutoka safi kabisa. Mchezaji huyo apelekwe kwa daktari wa mifupa mapema, hata kama namba zako zote ni nzuri.

Ukimwandikia daktari barua ya rufaa, andika siku ngapi tangu kuumia, nguvu uliyovutia, pembe ya wayo, wastani wa kila upande kwa milimita, na mpaka wako wa kosa pembeni yake. Mfano: "Siku ya 6, kilo 10, wayo digrii 15 chini; kulia milimita 5.8, kushoto 2.9; mpaka wa kosa 1.7." Daktari akisoma mstari huo ataweza kuurudia mwenyewe, na baada ya wiki 12 nawe utavuta tena kwa kilo zile zile.